Mvua Haina Wakili

Nimeanza kuionea mvua huruma. Si kwamba tumepatana. Godoro la chumba cha watoto bado lina ramani ambayo mvua iliichora masika iliyopita. Lakini katika jiji hili la Dar es Salaam sijaona mshitakiwa aliyebebeshwa kesi nyingi namna hii bila kupewa hata dakika moja ya kujitetea. Taka zimelala kona ya msikiti mpaka paka wamezikimbia? Mvua. Taa ya barabarani inawaka mchana na kulala usiku? Mvua imeingia ndani. Majani ya pembeni mwa shule ya msingi yamefika kifuani kwa mtoto wa darasa la tatu? Mvua, imeyanywesha. Mfuniko wa chemba umetoweka usiku, na kesho yake wenye macho wakauona ukipimwa kilo kwa mnunuzi wa vyuma chakavu? Hata huo niliambiwa umesombwa na maji. Mfuniko wa chuma, jamani, na kwa mnunuzi huyo unakwenda kwa kupanda mlima.

Matangazo ya halmashauri yetu yana mwanzo mmoja tu: "Kutokana na mvua zinazoendelea kunyesha." Nimeyasoma Aprili, sawa. Nimeyasoma pia Januari, kwenye ubao wa ofisi ya mtaa, siku ambayo jua lilikuwa limeikunja karatasi yenyewe. Nikatazama juu kutafuta hizo zinazoendelea. Kulikuwa na kunguru mmoja, naye anatweta.

Basi leo najitolea kuwa wakili wa mvua. Digrii ya sheria sina, lakini nina mtaro mbele ya nyumba, na vielelezo vimejaa humo.

Tuanze na mtaro wenyewe. Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu. Wahenga hawakuwa na halmashauri. Kwetu dalili ya mvua ni kijiko. Julai, Agosti, Septemba, kipupwe kinapuliza, ardhi imekauka, mtaro uko wazi kiasi kwamba mtoto angeuzoa kwa kindoo cha kuchezea, na huoni mtu. Hata jembe la kuazima huoni. Lakini siku utakayosikia mashine ya njano inanguruma kutokea barabara kubwa, usipoteze muda kusikiliza redio: anua nguo. Saa sita haziishi tone la kwanza limeshaanguka.

Mtaro wetu ulijengwa upitishe maji. Kazi hiyo uliiacha zamani, siku hizi umekuwa ghala. Humo mna chupa za maji, nepi, vifuu vya nazi, nusu ya kabati, na ndala. Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku nchi nzima tangu Juni 1, 2019, ila inaonekana waraka haujaufikia mtaro wetu. Juu ya hayo yote kuna mchanga. Mji huu umekaa juu ya mchanga, na kila kichochoro cha vumbi kinachoshuka kuelekea mtaroni hupeleka mzigo wake humo kila inaponyesha. Kwa hiyo hata tungekuwa malaika tusiotupa hata ganda la chungwa, mtaro ungejaa tu, na ungehitaji kuzolewa kila mwaka, kwa tarehe inayojulikana.

Kijiko kinapofika, kazi hufanyika, nisiseme uongo. Dereva ni fundi: anachota tope, anageuza mkono, analimwaga pembeni, hagusi hata waya wa umeme. Analimwaga pembeni. Hapo ndipo kesi ya mteja wangu inapoanzia. Nilimfuata msimamizi, kijana mmoja mwenye kizibao cha reflekta na adabu zake zote.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Huu udongo mtauondoa lini?"

"Tunauacha kwanza uchuje maji, mzee wangu. Ukiwa mbichi ni mzito, lori linabeba kidogo halafu linadondosha tope njia nzima."

Jibu la kitaalamu, na mimi sigombani na utaalamu. Ila udongo hukaushwa na jua, na jua lilikuwa limeshaaga, maana kijiko kilisubiri mpaka mawingu yakae. Kwa hiyo tope likakaa. Likawa mlima. Mlima nao ukapata wakazi: kuku kwanza, halafu mama wa mihogo, ambaye alihamishia meza yake juu kwa kuwa ndipo mahali pekee mtaani pasipofika maji, halafu vijana wa bodaboda wakafungua kijiwe. Ungekaa mpaka uchaguzi wa serikali za mitaa, nina hakika ungepata mwenyekiti wake na mihuri. Lakini usiku mmoja ikanyesha, na asubuhi mlima haupo. Mama wa mihogo amesimama barabarani na kikaangio, anauliza ulikwenda wapi.

Ulirudi nyumbani, mama. Mimi ule udongo naufahamu. Una ndala ya bluu ya mguu wa kushoto, imekatika kamba, imeandikwa kwa peni herufi ambayo sasa haisomeki. Ndala hiyo imetolewa mtaroni na kurudi mtaroni misimu mingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Imepandishwa na kijiko cha kukodi, imelipiwa dizeli, imeandikiwa ripoti ya utekelezaji. Kama kuna ndala iliyotumia fedha za umma nchi hii, ni ile.

Halafu tuna Jumamosi ya mwisho wa mwezi, siku ya usafi. Utaratibu huo ulipata nguvu baada ya Desemba 9, 2015, Rais Magufuli alipofuta sherehe za Uhuru na kutaka watu washike mafagio. Mimi napenda ile siku. Maduka yanafungwa mpaka saa nne asubuhi, watu wanatoka na majembe na makoleo, hata wale ambao mwaka mzima hawasalimiani wanashikiana toroli. Tunazibua, tunalitoa tope, tunalipanga pembeni kwa mstari mnyoofu. Mtendaji anapita, anapiga picha, anasema gari litakuja kubeba. Naomba nieleweke: picha huwa zinatoka vizuri sana.

Na kwa kuwa wakili hatakiwi kuficha kitu mbele ya mahakama, niseme pia kwamba washitakiwa wengine tunakaa nao kibarazani. Kuna watu ambao wakisikia ngurumo hawaanui nguo, wanatoa salfeti za taka na kuzisogeza karibu na maji, ili maji yafanye kazi ambayo wao wangelipia. Kuna na wale wanaotapisha vyoo. Msomaji wa nje ya Dar anaweza asielewe, na namwombea asielewe. Ni kwamba kuliita gari la majitaka ni gharama, na mvua kubwa ya usiku haina gharama. Mtu anafungua tundu la shimo lake, anarudi kulala, na asubuhi anajiunga nasi kulalamika kuhusu harufu. Huyo naye akiulizwa anasema ni mvua.

Tuje barabarani. Jiji limegawanyika kwa namna ambayo mteja wangu hakushirikishwa. Barabara kuu na za mkoa ziko TANROADS. Za mitaa, tangu Julai 2017, ziko TARURA. Taka ni za halmashauri, bomba linalopita chini ni la DAWASA, nguzo iliyoegemea ukuta ni ya TANESCO. Shimo lililo mbele ya duka la Mangi limegusa karibu wote hao. Mvua haina mgawanyo huo wa majukumu, yenyewe hujaza shimo zima.

Kuhusu viraka vya lami, nimeelimishwa na fundi mmoja wa barabara ambaye sasa amestaafu na anafuga kuku, na nimemwelewa vizuri. Lami na maji havipatani. Shimo linatakiwa likatwe kingo zake zisimame wima, lisafishwe, likauke, limwagiwe lami nyepesi ya kushikisha, ndipo uingie mchanganyiko wa moto na ushindiliwe. Ukiziba shimo bichi, maji yanabaki chini ya kiraka. Lori likikanyaga, yale maji yanatafuta pa kutokea, na yakitoka hayatoki peke yake. Kwa hiyo fundi mwenye akili hazibi viraka mvua ikinyesha. Nakubali. Mteja wangu naye anakubali, ametikisa kichwa. Swali letu ni dogo tu: lile shimo lilikuwepo Agosti. Agosti lilikuwa kavu, limesimama wima lenyewe bila kukatwa, na dogo kiasi kwamba sahani ya wali ingelifunika. Aliyelikuta Aprili lina kina cha beseni asije kuniambia limezaliwa na mvua. Mvua imelilea tu.

Wakati tunasubiri ukavu, hutumika kifusi. Kifusi cha kwetu hutoka kwenye nyumba zilizobomolewa, na hakichambuliwi. Mna matofali, vigae vya maua, ncha za nondo zinazotazama matairi ya Bajaji kwa hamu, na safari moja nilivuka juu ya kipande cha sinki la choo, cheupe pe, katikati ya barabara ya umma. Mahali ambapo hata kifusi hakikufika, msamaria huchomeka tawi la mwarobaini ndani ya shimo ili dereva wa usiku ajue. Kona ya kwa fundi seremala kuna tawi limeshika mizizi. Hiyo ndiyo bustani pekee ambayo mtaa wetu umeipata bila mchakato.

Barabara yetu ya ndani haina lami, hivyo sisi tunachongewa. Greda nayo ina masharti yake. Udongo ukilowa kupita kiasi inazama na kuacha mifereji. Ukikauka kupita kiasi inakwangua vumbi tu, maana moramu hushikamana ikiwa na unyevu wa kadiri, na ndiyo sababu greda hutakiwa kutembea na boza la maji pamoja na rola. Kwetu ilikuja peke yake, tena Februari, saa saba mchana. Ikapita mara mbili na kuondoka. Barabara ikawa laini, imenyooka, na nzima ikawa juu, hewani. Tulikula vumbi mpaka Machi. Wagonjwa wa pumu walihamia kwa ndugu. Mvua ya kwanza ya masika iliposhuka, ikakuta udongo umekwanguliwa vizuri na haujashindiliwa, ikaubeba wote, na unajua ikaupeleka wapi. Ndala ya bluu ilipata blanketi.

Boza lilikuwa wapi siku ile? Nililiona. Lilikuwa linamwagilia miti.

Miti hii nayo ni kesi inayojitegemea. Ilipandwa kando ya barabara ya kata mwishoni mwa Desemba, vuli ikiwa inafunga virago, katika sherehe iliyokuwa na mgeni rasmi, glavu mpya, muziki, na kibao mbele ya kila mche chenye jina la aliyeupanda. Januari na Februari ndiyo miezi ya joto la Dar, joto lenye chumvi na unyevu, nyuzi 32 au 33 zinazokukaa mwilini mpaka saa nne usiku. Mche wa wiki tatu unahitaji maji alfajiri na jioni. Boza likawa linakuja mchana wa jua la utosini, linamwaga juu juu kwa mpira mkubwa unaofukua mizizi, na lami ya pembeni ndiyo iliyokunywa zaidi. Miche ikaondoka mmoja mmoja. Vibao vimestawi. Ukipita leo utadhani ni makaburi ya viongozi, wote wakiwa hai na wazima. Nilipouliza ofisi ya kata, jibu lilikuwa ni ukame. Kwa hiyo kumbe na jua nalo halina wakili, ila mimi ni mmoja, kesi za watu wawili siziwezi.

Hapo nisiwachanganye watu. Wale akina mama wanaofagia barabara kubwa tangu saa kumi na moja alfajiri, wamejifunga khanga usoni kwa ajili ya vumbi, hawamo kwenye malalamiko yangu. Hao jua linawakuta kazini, mvua inawakuta kazini, na magari yanawapita kwa upana wa kiganja. Ukiwaona Februari saa tano, wamekaa chini ya kivuli cha tangazo la simu wakigawana chupa moja ya maji ya uvuguvugu, huna la kuwauliza. Sijawahi kumsikia hata mmoja wao akisema "kutokana na mvua zinazoendelea kunyesha." Sentensi hiyo inasemwa na watu walio ndani, dirisha limefungwa.

Sasa niweke mezani kielelezo kikuu cha utetezi: kalenda. Mvua za Dar hazina siri. Vuli ni Oktoba hadi Desemba, masika ni Machi hadi Mei, na majahazi yalikuwa yakipanga safari kwa kaskazi na kusi kabla Dar es Salaam haijawa na kichochoro hata kimoja. Na kama kuna aliyesahau, Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa utabiri wa kila msimu kabla haujaanza. Agosti 2023 walisema El Niño inakuja. Hawakunong'ona, walisema mbele ya kamera.

Mwaka wa fedha wa serikali, kwa upande wake, huanza Julai 1 na kwisha Juni 30. Ufuate pamoja nami kutoka kibarazani kwangu. Julai, kiangazi safi, fedha hazijashuka. Agosti, zabuni inaandaliwa. Septemba, wanatathmini. Oktoba mkandarasi anasaini, anashikana mkono na watu, anatoka nje na kutazama juu: vuli hiyo imeshafika. Novemba na Desemba ni za ile sentensi. Januari anarudi kazini, anakuta shimo limekua na bei imekua nalo, anaandika barua. Februari barua inajibiwa kwamba imepokelewa. Machi, masika. Aprili hakuna anayezungumza na mwenzake. Mwishoni mwa Mei mtu fulani, mahali fulani, anakumbuka kwamba fedha isiyotumika hadi Juni 30 ina tabia ya kurudi ilikotoka, na hapo ndipo utaona maajabu. Juni yote mtaa haulali. Zege linamwagwa usiku kwa taa za magari. Kalavati inazikwa Jumapili. Mfagiaji anafagia mbele ya rola. Juni 30 jioni kimya kinaingia, vyombo vinapakiwa, na kile kipande cha mtaro ambacho hakikufikiwa kinabaki na vigingi vyake vimechomekwa ardhini, kikisubiri mwaka mpya ambao, ukihesabu, utaanza kesho asubuhi na kufika kwetu Oktoba.

Katika mlolongo wote huo, mvua imekosea wapi? Ilikuja tarehe zake.

Nilimpelekea hoja hii kijana wa ofisi ya kata. Ni kijana mpole, amesoma, ana feni inayogeuza shingo upande mmoja tu, ambao si wa wateja. Nikamwambia: mwanangu, kwa nini karatasi zote msizimalize Aprili, wakati mvua inanyesha na hakuna kazi ya nje, ili Julai mkandarasi aanze na jembe?

"Mzee wangu, wazo lako ni zuri sana. Ila mfumo hauruhusu."

"Mfumo upi?"

"Mfumo," akasema, akionyesha kompyuta, iliyokuwa imezimwa kwa sababu umeme ulikatika, kwa sababu ya mvua.

Wazee wa kijiweni hudai zamani jiji lilikuwa linakwenda. Mimi huwauliza zamani ipi, maana tarehe ninazo. Mwaka 1972 serikali ilizifuta halmashauri kabisa, na miji ikakaa hivyo mpaka mamlaka za miji ziliporudishwa 1978. Mwaka 1996 Halmashauri ya Jiji ikavunjwa, ikawekwa Tume chini ya Charles Keenja, iliyofanya kazi hadi 2000. Mpaka leo ukilitaja jina la Keenja kwenye kijiwe cha watu wa rika langu utaletewa kahawa bila kulipa. Wanasahau kuongeza kwamba katikati ya muda wake ilinyesha El Niño ya 1997 na 1998, ile yenyewe, na haikuombwa radhi wala kusubiriwa. Nikiwaambia hivyo huniambia siku zile mvua ilikuwa na adabu. Nanyamaza, nakunywa kahawa.

Kuna siku, hata hivyo, mteja wangu kweli ana kesi ya kujibu, na siku hizo sifanyi mzaha. Desemba 2011 mafuriko yaliua watu zaidi ya 40 katika jiji hili, na familia za mabondeni zikahamishiwa Mabwepande. Aprili 25, 2024 Waziri Mkuu Kassim Majaliwa aliliambia Bunge kwamba watu 155 walikuwa wameshakufa nchini kutokana na mvua za msimu ule. Mambo hayajatulia, Mei 4, Kimbunga Hidaya kikafika Mafia na pwani ya kusini, na barabara ya kwenda Lindi na Mtwara ikakatika. Kwa maji ya namna ile hakuna mtaro wa futi mbili utakaosimama, na anayesema angeyazuia maji yale kwa koleo ni mwongo. Wataalamu wanasema tujiandae kuyaona tena. Hata dampo la Pugu Kinyamwezi, mvua ikikolea, malori hukwama kwenye tope la njia ya kulipandia, na lori lililokwama Pugu haliwezi kuwa kwetu. Hilo nalielewa. Ila mafuriko yaliyoingia jikoni kwangu mwaka huu hayakuwa ya kimbunga. Yalikuwa ya manyunyu ya Jumanne, yasiyotosha kulowesha shati, yakakuta ndala mlangoni mwa kalavati.

Na hata pale Jangwani, ambako Barabara ya Morogoro hufungwa mvua ikizidi, nani alimkuta mwenzake? Maji ya Msimbazi yanatoka vilima vya Pugu na kuteremka bondeni tangu enzi na enzi. Mabasi ya mwendokasi yalianza 2016, na karakana yake ikajengwa bondeni hapohapo. Mvua ikaja ikakuta watu sebuleni kwake, wamepanga na viti.

Shahidi wangu wa mwisho ni mgeni mkubwa. Jina lake halina umuhimu, alikuja kufungua kituo cha afya, na barabara ya kwenda kituoni ni hii yetu. Taarifa ilifika Jumatatu, yeye anakuja Alhamisi. Ilikuwa Aprili, nyakati za mvua zile zile zinazoendelea kunyesha. Jumanne usiku greda ikaja na boza na rola, familia nzima. Mashimo yakazibwa mvua ikinyesha, tena fundi mmoja alimshikia mwenzake mwavuli juu ya kiraka. Majani ya shule yakafyekwa. Taa zikawaka usiku na kuzimika mchana. Na ule mlima wa tope, uliokuwa hauwezi kubebeka kwa sababu ni mbichi, ulibebwa adhuhuri moja, ukiwa mbichi, unachuruzika, lori likimwaga matone njia nzima, na nyuma yake kuna gari jingine la kuosha barabara. Nilisimama getini mdomo wazi. Nikamwona yule msimamizi wangu wa reflekta, akaniona, akatazama upande wa pili.

Mgeni alipita kwa mwendo wa kasi, vioo vyeusi. Mvua ilikuwa inanyesha na hakuna kilichoharibika kwa siku nzima. Kiraka cha mwavuli kilitoka Ijumaa.

Nimesimulia hayo yote kwa utulivu kwa sababu juzi nimepata mgeni wangu. Mtaa ulikuwa umejaa, tumepanga matairi makuukuu ya kukanyagia kutoka getini mpaka kwa Mangi. Hodi ikapigwa. Ni binti mmoja mwenye koti la mvua, suruali imekunjwa mpaka magotini, mkononi ana mashine ya POS aliyoifunga ndani ya mfuko wa nailoni, ule ule uliopigwa marufuku 2019.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Umepitaje?"

"Kwenye matairi, baba. Nimekuja kwa ada ya taka."

"Taka zenyewe zipo hapo, mwezi huu hazijaondoka."

"Gari halifiki baba, si unaona mvua."

"Wewe umefikaje?"

"Mimi natembea kwa miguu."

Nikamwambia basi kwa kuwa miguu yake inapita pale lori linaposhindwa, aondoke na salfeti moja, nyingine tutapanga. Akacheka, msichana wa watu, akaipapasa mashine ndani ya mfuko na kunikatia risiti. Kisha akauliza kama jirani wa ng'ambo yupo. Nikamwambia yupo, ila azungukie kwa mama wa mihogo, tairi la mwisho limezama.